Mkojo wa asubuhi na mkojo wa saa sita: hii UTI sugu ilitoka wapi?

SEHEMU YA 1

Mama zangu na dada zangu wa Kibiti, Rufiji na huko visiwani delta, mmeniuliza sana kuhusu UTI inayorudi rudi, na kila nikitaka kujibu naona siwezi kuieleza vizuri bila historia kidogo. Kwa hiyo vumilieni, hii ni ndefu, nimeikata vipande vitano. Someni huku mnapika, mradi wali usiungue.

Tuanze na jina. Ukimuuliza bibi wa Kindengereko kuhusu maumivu chini ya kitovu, kiuno kinachovuta na mkojo unaochoma, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: chango. Kwa wazee wa pwani chango ni neno pana. Linabeba maumivu ya hedhi, mimba kuharibika, kukosa mtoto, na hata mkojo wa kukata kata. Dawa yake mizizi, inachemshwa, unakunywa. Ukimuuliza mama aliyesoma shule ya msingi enzi za Mwalimu, atakutajia kichocho, maana ndicho walichofundishwa darasani, konokono amechorwa ubaoni. Binti wa leo hana habari na hao wote wawili. Yeye anasema "nina UTI", na ikirudi mara ya tatu anasema "nina UTI sugu".

Maumivu ni yale yale, majina matatu. Na kila jina lina dawa yake, kwa hiyo ukikosea jina umekosea dawa.

Mnajua ninachozungumzia. Mama anaamka mara nne usiku kwenda chooni, akifika yanatoka matone. Anapima, karatasi inasema mkojo msafi. Anarudi nyumbani bado anaungua. Wifi anasema anajidekeza. Mwezi ujao anapima kwingine, karatasi inasema mkojo mchafu, anapewa sindano, mume naye anauliza "umeitoa wapi?" Jamani, ndoa zimeyumba kwa sababu ya karatasi ya maabara. Niseme kabisa hapa: UTI ya kawaida si ugonjwa wa zinaa. Yapo magonjwa ya zinaa yanayochoma kwenye mkojo kama UTI, na tutayafikia, lakini karatasi iliyoandikwa UTI haimshtaki mtu.

Swali langu ni hili: inawezekanaje mtu awe mgonjwa kweli na kipimo kiseme hana kitu? Jibu lake liko kwenye namba moja iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1950.

SEHEMU YA 2

Kwanza mdudu mwenyewe. Mwaka 1885 daktari wa watoto aliyekuwa Munich, Ujerumani, anaitwa Theodor Escherich, aliandika kuhusu bakteria aliyewakuta kwenye choo cha watoto wachanga. Leo wanaitwa kwa jina lake, Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Kazi yao kubwa ni kuishi kwenye utumbo wetu kwa amani. Wakipanda njia ya mkojo ndipo fujo zinaanza, na ndio wanaoongoza kwa kuleta UTI duniani kote, kwetu pia.

Shida ya kumtafuta mdudu huyu kwenye mkojo wa mwanamke ni kwamba ni jirani. Njia ya haja kubwa na njia ya mkojo ziko karibu mno, kwa hiyo ukikojoa kwenye kikopo unaweza kumkokota mdudu aliyekuwa nje kabisa, ambaye hajawahi kukanyaga kibofu chako. Madaktari wa zamani walikwepa hilo kwa kuwawekea wanawake mpira wa mkojo ili wachukue mkojo moja kwa moja kutoka ndani. Lakini mpira wenyewe ulikuwa unaingiza wadudu. Unamtafuta mwizi kwa kumfungulia mlango.

Hapo akaja Edward Kass, daktari katika hospitali ya jiji la Boston. Mwaka 1956 alitoa hoja rahisi: tusiulize tu kama wadudu wapo, tuwahesabu. Alilinganisha wanawake wenye maambukizi ya figo na wasio nayo, akaona wagonjwa wengi wana wadudu zaidi ya laki moja katika mililita moja ya mkojo, wakati uchafu wa kukokota huwa wachache. Akaweka mpaka: 100,000. Juu yake maambukizi, chini yake pengine uchafu tu.

Mimi namheshimu Kass, na mama yeyote aliyewahi kupimwa mkojo kliniki anafaidi kazi yake. Alipima wajawazito ambao hawakuwa na dalili yoyote, akakuta baadhi wana wadudu wengi kimya kimya. Wale ambao hawakutibiwa, karibu wanne kati ya kila kumi walikuja kupata maambukizi ya figo wakiwa na mimba. Homa kali, kutapika, hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Ndiyo maana muuguzi anakusumbua na kikopo wakati hujasikia maumivu yoyote.

Lakini angalieni namba hiyo ilipimwa kwa nani. Kwa wanawake wenye ugonjwa wa figo, na kwa wasio na dalili. Haikutengenezwa kwa mama aliyekaa kwenye benchi anaungua. Hata hivyo maabara duniani ziliichukua ikawa sheria kwa kila mtu, maana namba moja ni rahisi kuliko kumuuliza mgonjwa anajisikiaje.

Ilipita zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake kule Seattle walichapisha utafiti wa wanawake wenye mkojo unaochoma. Walichukua mkojo kutoka ndani ya kibofu ili kusiwe na ubishi wa uchafu. Kati ya waliokuwa na E. coli au ndugu zake kibofuni kweli kweli, ile sheria ya laki moja iliwatambua takriban nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa inawaambia "huna kitu". Stamm akasema kwa mwanamke mwenye dalili hata wadudu 100 katika mililita wanaweza kuwa na maana. Toka laki moja hadi mia moja, hebu fikirieni hiyo tofauti.

Sasa leteni hiyo namba delta. Zahanati nyingi za vijijini hazioteshi mkojo. Kama sampuli itatoka Mbwera au Salale, itapanda boti, itasubiri maji kujaa, itashuka Nyamisati, itapanda gari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ukiwa ng'ambo ya kusini ulikuwa na foleni ya kivuko Ndundu juu yake. Na mdudu hasubiri. Kwenye joto anaweza kujigawa mara mbili kila nusu saa hivi. Ukianza na wadudu 1,000, baada ya mara saba wamefika 128,000. Yaani saa tatu na nusu tu ndani ya kikapu chenye jua, mkojo msafi umeshakuwa "mchafu" kwa sheria ya Boston. Kwa hiyo namba hiyo hiyo inaweza kukunyima ugonjwa ulio nao, na kukupa ugonjwa usio nao.

"Basi kile kijiti je?" Kijiti kina historia nzuri. Kile kiboksi kinachogeuka rangi ya waridi kinatokana na kazi ya Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia Uingereza, mwaka 1879. Kinatafuta naitraiti, kemikali ambayo E. coli huitengeneza kutokana na chakula chetu. Lakini mdudu anahitaji muda, kama saa nne hivi mkojo ukiwa umetulia kibofuni. Sasa mama anayekojoa kila nusu saa, huo muda anautoa wapi? Kadiri anavyougua ndivyo kijiti kinavyoweza kumkana. Ndiyo maana tunapenda mkojo wa kwanza wa asubuhi. Shikeni hilo, asubuhi, kwa sababu huko mbele kuna ugonjwa mwingine unaotaka saa tofauti kabisa.

SEHEMU YA 3

Wapo wanaotibiwa vizuri, wanapona wiki mbili, halafu mdudu yule yule anarudi. Wamejificha wapi?

Kundi la Scott Hultgren huko St. Louis, Marekani, lilionyesha kwa panya, kuanzia 1998 na hasa 2003, kwamba E. coli hawaogelei tu kwenye mkojo. Wanaingia ndani ya seli za ukuta wa kibofu, wanajazana humo kama familia kwenye chumba kimoja cha kupanga, na wengine wanalala. Mkojo unapita juu yao na dawa nyingi haziwafikii vizuri. Mwaka 2007 dalili za makundi kama hayo zilionekana kwenye mkojo wa wanawake wenye UTI. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "haijaisha, imelala tu" huenda anasema jambo la kweli.

Halafu mwaka 2012 na 2014 watafiti wa Loyola, karibu na Chicago, wakavunja kitu tulichofundishwa wote chuoni, kwamba mkojo kibofuni hauna mdudu hata mmoja. Walikuta bakteria wa aina nyingi hata kwa wanawake wazima wa afya, wengi wao wakiwa aina ambazo uoteshaji wa kawaida hauwaoni. Hili lina pande mbili, na mitandaoni wengi wanachukua upande mmoja tu. Ni kweli kipimo cha kawaida kinaweza kukosa wadudu. Lakini pia ni kweli kwamba kuwa na wadudu si lazima uwe mgonjwa. Kama huna dalili na huna mimba, karatasi ya "mkojo mchafu" peke yake kwa kawaida haitakiwi kukupeleka kwenye antibayotiki.

London alikuwepo Profesa James Malone-Lee, aliyewaamini wagonjwa ambao vipimo viliwakana. Aliwapa antibayotiki kwa miezi mingi, akiangalia chembe za usaha kwa hadubini. Wagonjwa wake walimpenda sana, na madaktari wenzake wengi walimpinga, kwa sababu hakukuwa na majaribio ya kulinganisha kundi linalopewa dawa na lisilopewa. Mpaka leo ubishi haujaisha. Nauleta hapa kwa sababu kuna watu wanausoma kwenye simu halafu wanaenda duka la dawa kununua sipro ya mwezi mzima. Usifanye hivyo, nakuomba.

Sababu iko hapa kwetu. Mradi mmoja mkubwa wa utafiti, HATUA, ulipima wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wetu ilikuwa Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro, Pwani hatukuwemo. Matokeo yaliyochapishwa 2024: takriban theluthi moja tu ndio waliooteshwa mkojo wakathibitika wana UTI ya bakteria. Na kati ya wadudu waliopatikana, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Someni tena polepole. Wawili kati ya watatu waliokuja wanaungua hawakuthibitika, na wale waliothibitika wengi dawa zetu za kawaida zinawagonga mwamba. Neno "sugu" ambalo tunalitumia kwa UTI inayorudi, wenye maabara wanalitumia kwa mdudu asiyesikia dawa. Haya ni mambo mawili, ingawa moja linaweza kuzaa jingine.

Hao wawili kati ya watatu wana nini? Wengine ndio hao wa Stamm, wadudu wachache chini ya mstari. Wengine walikunywa azuma jana yake, na ukinywa dawa kabla ya kupima unamfukuza shahidi. Wengine wana kisonono au klamidia, ambazo uoteshaji wa kawaida wa mkojo hauzitafuti, na hapo mume na mke wanatibiwa pamoja bila kesi.

Na yupo mmoja anayesahaulika sana: TB. Ndiyo, TB ya figo na kibofu. Robert Koch alimtambulisha bakteria wa TB mwaka 1882, na tumezoea kumtafuta kifuani. Lakini anaweza kupita kwenye damu akakaa kwenye figo miaka, bila kikohozi, akishuka polepole kibofuni. Alama yake ya kitabuni ni hii: hadubini inaona usaha kwenye mkojo, uoteshaji hauoti kitu. Si ajabu. Sahani ya kawaida maabara wanaiangalia siku moja au mbili halafu wanaitupa, na mdudu wa TB anataka wiki kadhaa kuota. Kwa hiyo usaha usiokuwa na mdudu, ukiambatana na kukonda, jasho la usiku, homa za jioni au damu kwenye mkojo, mwambie daktari "nipimeni na TB". Vipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure. Hapa kweli tunakutana na maambukizi ya bakteria yaliyojificha, na siyo ya hadithi za mtandaoni.

SEHEMU YA 4

Turudi kwa mama wa enzi za Mwalimu na konokono wake wa ubaoni. Naona tulimdharau mapema.

Kichocho si bakteria, ni mnyoo anayeishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Ni wa kale: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza mayai yake ndani ya figo za maiti za Misri za miaka zaidi ya elfu tatu. Mnyoo wenyewe aliuona Theodor Bilharz, Kairo, 1851. Konokono walithibitishwa na Robert Leiper huko huko Misri mwaka 1915. Mayai yana mwiba, yanachoma ukuta wa kibofu yatoke na mkojo, na mengine yanakwama humo humo na kuleta kovu. Mama anasikia nini? Kuungua, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu. Kijiti kinaonyesha damu na chembe za usaha. Mwenye haraka ataandika UTI.

Kwetu hili lina jiografia yake. Konokono wa kichocho hawapendi chumvi, kwa hiyo kule kwenye mikoko, maji ya bahari yanakopanda na kushuka, si mahali pao. Ni juu huku kwenye maji matamu: madimbwi yanayobaki mto ukishuka, mashamba ya mpunga, mabwawa ya bondeni. Na Warufiji maisha yao ni bonde. Wazee walilima mlau mafuriko yakipungua, wakaishi kwenye madungu shambani kulinda mpunga na nguruwe na ndege. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Nyumba zilihama, lakini shamba lilibaki chini, na mwanamke ndiye anayeingia majini kupandikiza, kufua, kuosha vyombo na kuogesha mtoto.

Katika miaka ya 1960 madaktari Forsyth na Macdonald waliwachunguza kwa eksirei watoto wa shule ya Usagara karibu na Tanga, kisha wa Donge, Unguja. Walikuta baadhi ya watoto mirija ya kushusha mkojo imeharibika na figo zimeanza kuvimba, nao wako darasani wanasoma, wanacheza mpira. Ugonjwa ulikuwa unafanya kazi ndani bila kelele. Sehemu nyingi za Afrika damu kwenye mkojo wa mvulana ilichukuliwa kuwa dalili ya kukua tu. Msichana je? Akikojoa damu wanadhani ni hedhi, hakuna anayeuliza.

Na kwa wanawake mayai hayaishii kibofuni. Yanakwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni: uchafu usioisha, damu baada ya tendo, maumivu, wengine kukosa mtoto, na umehusishwa na hatari zaidi ya kupata VVU. Bibi aliyeweka mkojo, maumivu ya kizazi na ugumba kwenye kapu moja la chango, hakuwa mjinga. Aliona kwamba vinatembea pamoja. Mizizi yake tu ndiyo haiui mnyoo.

Sasa ile saa niliyowaambia. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane. Mkojo wa alfajiri, ambao ni mzuri kwa bakteria, unaweza kuyakosa. Kwa hiyo mama wa Rufiji aliyepimwa mara tano, zote mkojo wa asubuhi, zote kwa kijiti, hajapimwa kichocho hata mara moja.

SEHEMU YA 5

Ukifika dirishani, sema hivi. Dalili zimeanza lini na zimerudi mara ngapi. Dawa zote ulizokunywa mwezi huu, hata nusu dozi ya jirani, taja bila aibu. Kama umewahi kulima au kuoga kwenye maji ya bondeni, hata kama sasa unaishi Kibiti mjini kwenye bomba, kwa sababu mnyoo anaweza kuishi mwilini miaka mingi. Kama una mimba.

Kwa bakteria, mkojo wa kwanza asubuhi: jisafishe kwa maji, mwanzo wa mkojo uache uende, kinga wa katikati, peleka ndani ya saa moja au mbili. Ikirudi rudi, omba uoteshwe kabla ya dawa, hata kama itabidi uende hospitali kubwa. Kwa kichocho, rudi mchana, ruka ruka au tembea kidogo kwanza, mpe mtu wa maabara mkojo wote mpaka tone la mwisho, maana mayai hupenda kutoka mwishoni. Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, hapo usisubiri kesho, na mjamzito asisubiri hata jioni.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, ile wanayopewa watoto shuleni kwa kupimwa urefu. Mjamzito anaweza kuitumia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa ushauri wa kliniki. Kwa miaka mingi watoto wa chini ya umri wa shule waliachwa nje, ingawa wanaogeshwa kwenye maji yale yale na mama zao, kwa sababu vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha aina mpya kwa watoto wadogo, kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, inayoyeyuka kwenye maji. Uganda walianza kuitumia 2025. Mkisikia imefika kwetu niambieni, na mimi nikisikia nitaandika hapa hapa.

Wale mlioniuliza kuhusu mtoto wa kike anayelia akikojoa, nimeziona meseji zenu. Hiyo naiandika Jumatano.